Kitanda Kisicho na Mvungu

Ndugu msikilizaji, leo sitazungumzia bei ya mahindi wala vumbi la mji wetu. Leo nitazungumzia kitanda. Najua utacheka na kusema mzee huyu kaishiwa na maneno. Cheka, lakini usizime redio. Kitanda ndicho kinachompokea mtoto anapozaliwa na ndicho kinachomwaga mzee anapofariki, na katikati ya siku hizo mbili kila mmoja wetu hukirudia usiku kwa usiku. Kitu cha namna hiyo hakikosi historia, na historia yake si ndogo.

Habari yenyewe ilianza hivi. Binti yangu ni mtumishi wa Serikali. Alikuja Dodoma kutoka Dar es Salaam pamoja na wizara yake, baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba safari hii inahama kweli. Kwa miaka kadhaa alipanga nyumba ya watu, akajinyima, akadunduliza, na hatimaye amejenga nyumba yake ya vyumba vitatu upande wa Nzuguni. Juzi alinijia na simu mkononi, akanionyesha picha.

"Baba, nataka unisindikize kwa mafundi. Nikienda peke yangu wataniuzia kwa bei ya wageni."

Nikaitazama picha. Kilikuwa kitanda kimevikwa mahameli ya kijani kibichi kutoka juu hadi chini. Upande wa kichwani ubao umepanda juu kama ukuta, umejazwa sponji, umedidimizwa kwa vifungo vilivyopangwa kama nyota. Hakuna hata inchi moja ya mbao iliyokuwa ikionekana. Nakiri kwamba kilikuwa kizuri. Nilidhani ni kiti cha enzi kimelazwa chali.

Tukaenda Majengo, kwenye karakana ya kijana mmoja anayesifika kwa kushona sofa. "Shikamoo mzee. Karibu dada," akatupokea. Kitanda cha aina ileile kilikuwa kimesimamishwa pale mlangoni, kinangoja mwenyewe. "Hivi ndivyo vitanda vya sofa, mzee. Ndivyo vinavyotoka sasa."

Mimi nikainama. Magoti yakalia, lakini nikainama. Nikapitisha mkono ubavuni mwa kitanda kutafuta pa kuingia, mkono ukateremka na kitambaa mpaka sakafuni.

"Fundi," nikamwuliza, "mvungu uko wapi?"

"Mzee, hivi vya kisasa havina mvungu. Kinakaa chini moja kwa moja. Ndiyo urembo wake."

Binti yangu akacheka mpaka akashika mlango. "Baba jamani! Kwani unatafuta nini mvunguni?"

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nami niliinama, nikakuta mvungu wenyewe haupo. Swali la binti yangu lilinikaa rohoni njia nzima ya kurudi nyumbani, na ndilo ninalotaka kulijibu leo. Mvunguni mna nini, hata wazee wetu wakahangaika kuutengeneza kwa karne nyingi, na sisi tukauziba kwa mahameli?

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1922 wachimbaji wa mambo ya kale walifungua kaburi la mfalme Tutankhamun huko Misri, mfalme aliyezikwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Miongoni mwa vyombo vilivyomo walikuta vitanda, na kimojawapo kilikuwa cha kukunja. Mtu wa pwani yetu akiviona vitanda vya Misri ya kale hahitaji kuelezwa. Ni miguu minne, fremu ya mbao, na katikati kumefumwa kamba. Ni kitanda kile kile tulichokuwa tukikiita "teremka tukaze", kwa sababu kamba zikilegea ilibidi mwenye kulala ateremke kwanza zikazwe upya.

Lugha yetu nayo inatoa ushahidi. Kiswahili hakikuridhika na neno moja la kitanda. Miguu iliitwa matendegu. Mbao ndefu za ubavuni ni mifumbati, na zile fupi za miguuni na kichwani ni vitakizo. Upande wa kuweka kichwa ni mchago. Mbao za kulalia godoro ni chaga. Na ile nafasi tupu iliyo chini, ambayo haikuchongwa na fundi yeyote na wala hailipiwi senti, nayo ikapewa jina lake, mvungu. Watu hawakipi jina kitu wasichokitumia.

Tena pwani waliutumia hasa. Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye akaolewa na Mjerumani, alitoa kitabu cha kumbukumbu zake mwaka 1886. Humo anavieleza vitanda vya kwao, vya mbao ngumu za Kihindi zilizochongwa, virefu kiasi kwamba mtu alipanda kwa kutumia kiti au kwa kushikwa mkono na mjakazi. Anasema pia kwamba mvunguni palikuwa mahali pa kulala, hasa kwa yaya wa mtoto mchanga au anayemwuguza mgonjwa. Angalia basi jinsi kitanda kimoja kilivyobeba tabaka mbili za watu. Juu alilala mwenye nyumba penye ubaridi na upepo wa bahari, na chini alilala mtumishi. Toka zamani urefu wa kitanda ulikuwa kipimo cha heshima.

Hayo ni ya pwani. Sasa panda nami hadi huku kwetu bara, katika nyanda hizi kavu za Ugogo, ambako hakuna upepo wa bahari wala mbao za Kihindi.

Mimi nilizaliwa katika tembe, kusini ya mji huu. Kwa msikilizaji asiyeijua, tembe ni nyumba fupi ya miti na udongo, na hata paa lake ni bapa, limekandikwa udongo. Ni nyumba iliyobuniwa kwa akili, maana mchana wa jua kali ndani kuna baridi, na usiku wa baridi ndani kuna joto. Wazazi wetu walikuwa na kitanda chao cha fito. Sisi watoto tulilala chini juu ya ngozi ya ng'ombe, tukiwa tumebanana kama ndizi kwenye mkungu.

Kitanda kile cha fito kilikuwa na umri mkubwa kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote pale kijijini. Richard Burton, Mwingereza aliyevuka Ugogo mwaka 1857 pamoja na mwenzake John Speke wakielekea maziwa makuu, alikieleza kitanda cha nchi za bara katika kitabu alichokitoa mwaka 1860: matawi yaliyomenywa magome, yamelazwa juu ya miti yenye panda iliyochimbiwa ardhini, na juu yake mkeka na ngozi. Huo ndio ulikuwa mvungu wetu wa kwanza. Panda nne na fito, basi.

Kwa nini mtu wa nchi kavu, ambaye mti ulionyooka kwake ni mali, ajisumbue kujiinua kutoka chini? Jibu lina miguu minane na linaitwa papasi.

Papasi ni ndugu wa kupe, lakini tabia zake ni za mwizi. Mchana hujificha katika vumbi la sakafu na katika nyufa za kuta za udongo. Usiku hutoka, hunyonya damu ya aliyelala, na kabla hakujapambazuka amekwisha kurudi ufichoni. Asubuhi hujui ni nani aliyekutembelea. Anaweza kukaa miaka bila kula na bado akawa hai anakungojea. Naye hukuachia homa inayopanda kwa siku kadhaa, ikashuka ukadhani umepona, kisha ikarudi tena na tena. Tunaiita homa ya papasi.

Homa hii iliisumbua njia ya misafara. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch, yule aliyevumbua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alikuja nchini hapa na kuwachunguza papasi katika vituo vya njia za misafara. Aliona vimelea ndani ya papasi, akaona pia kwamba papasi jike huwarithisha watoto wake vimelea hivyo kupitia mayai. Ushauri wake kwa wasafiri haukuhitaji dawa. Msilale ndani ya vibanda vya zamani, pigeni kambi mbali navyo kidogo. Mwaka huohuo wa 1905, huko Kongo ya Mashariki, daktari Mwingereza kijana aitwaye Everett Dutton, ambaye hakuwa amefikisha miaka 30, alifariki kwa homa hiyohiyo aliyokuwa akiichunguza. Vimelea vya homa ya papasi vinabeba jina lake mpaka leo.

Lakini ndugu msikilizaji, mimi sikuijua homa hii kwa kusoma habari za Koch na Dutton. Niliijua kwa mama yangu. Nilikuwa bado mdogo, naye alikuwa mjamzito. Alipata homa, ikaacha, ikarudi. Siku ile iliporudi mara ya pili wanawake wakatutoa nje sisi watoto. Tulikaa chini ya mbuyu mpaka jua likazama. Tulipoitwa kuingia, mama alikuwa amelala akiwa ameelekeza uso ukutani, na hapakuwa na mtoto. Hakuna aliyetueleza, na sisi hatukuuliza. Baadaye sana nilikuja kuelewa kwamba homa ya papasi huwaandama zaidi wajawazito na watoto wadogo, huharibu mimba na kuleta watoto kabla ya wakati. Wataalamu waliofanya kazi katika eneo la Mvumi, hapa hapa Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliwakuta papasi katika nyumba nyingi za tembe. Kwa hiyo usidhani kwamba hayo ni mambo ya babu zetu tu.

Baba yangu alikuwa kibarua wa reli. Miezi michache baada ya msiba ule alirudi nyumbani na punda wawili, mmoja amebeba vyuma vilivyofungwa kwa kamba. Kijiji kizima kilikuja kutazama. Kilikuwa kitanda cha chuma, alichokinunua mjini dukani kwa Mhindi kwa akiba ya mwaka mzima. Aliviunganisha vyuma mbele ya watu, akakiweka ndani mbali na ukuta, akatafuta makopo manne, akatumbukiza kila mguu katika kopo lenye mafuta ya taa kidogo. Kisha akamwambia mama, "Sasa watakuja kwa ngazi." Mama akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Hapo nataka nisimame kidogo, maana kitanda kile cha chuma nacho kilikuwa na safari yake, na safari hiyo inatuonyesha mwisho wa habari yetu.

Ulaya ya zamani kitanda cha mtu mwenye uwezo kilikuwa cha vitambaa. Mbao zilifichwa. Palikuwa na besera juu, mapazia pande zote, mahameli na hariri, na mara nyingi gharama ya vitambaa iliipita mbali gharama ya mbao. Kitanda kilikuwa mali ya kurithishwa. Hata Shakespeare katika wosia wake wa mwaka 1616 alimwachia mkewe kitanda, tena kitanda cha pili kwa ubora. Wafalme wa Ufaransa waliwapokea watu wakiwa chumbani mwao cha kulala, kitanda kikiwa mfano wa kiti cha enzi. Kwa hiyo binti yangu ajue kwamba kitanda cha kwenye simu yake si kipya hata kidogo. Kina miaka mia kadhaa.

Lakini vitambaa vile vilikuwa na wapangaji wasiolipa kodi. Kunguni hupenda mikunjo, mishono na nyufa za mbao. Akishaingia katika ubao uliovikwa nguo, utamtoa kwa dawa gani? Karne ya 19, watu wa Ulaya walipoanza kuelewa usafi na kubanana katika miji ya viwanda, waliwageukia mafundi chuma. Mwuguzi mashuhuri Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, alitaka mgonjwa alazwe katika kitanda cha chuma kinachopitisha hewa hadi kwenye godoro, tena akasisitiza kusiwe na kitambaa kinachoning'inia kuziba mvungu. Viwanda vya Birmingham vikafua vitanda vya chuma kwa wingi, vikajaa hospitali, mabweni na kambi za askari, kisha vikapakiwa melini kwenda katika makoloni.

Vikafika pwani yetu. Lakini kufika Ugogo ilikuwa kazi nyingine. Wakati wa misafara kila kitu kilikuja kichwani au begani mwa mpagazi, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Tena watemi wa Kigogo walidai hongo kwa kila msafara unaopita na kuteka maji. Nani angempa mpagazi kitanda cha chuma? Mlango ulifunguka reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilipofika Dodoma mwaka 1910. Mji ukaota kandokando ya stesheni, maduka yakafunguliwa, na baada ya nguo na chumvi vikaja vitanda. Baba yangu, aliyekuwa akishindilia kokoto za reli hiyohiyo, akabeba kimoja hadi kwenye tembe yetu.

Kwa ufupi, msikilizaji, Wazungu walivua kitanda nguo, wakakiinua, wakafungua mvungu ili ufagio upite. Sisi tulikuwa tumeinua cha kwetu kwa panda za miti kwa sababu hiyohiyo, bila kuandikiwa na mtu. Njia zetu mbili zilikutana mahali pamoja. Aliyelala awe juu, na chini yake paonekane, pafagiwe, papite hewa.

Leo kitanda kimevikwa nguo tena na kuteremshwa chini.

Nilimweleza binti yangu haya yote tulipokuwa tunakunywa chai. Si mtu wa kukubali upesi, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Akaniambia, "Baba, nimekusikia. Lakini nyumba yangu ina vigae. Papasi hakai kwenye vigae. Na mimi tangu nizaliwe nimelalia dabodeka ya shule, kitanda cha kuazima na godoro la chini. Kwa nini mtu akifanya kazi kwa jasho lake asiwe na chumba kizuri? Uzuri nao ni dhambi?"

Nikanyamaza. Alikuwa amesema kweli, na mzee anayekataa kweli kwa sababu imesemwa na mtoto huyo si mzee, ni mkaidi. Papasi anahitaji vumbi na nyufa. Sakafu ngumu isiyo na nyufa ni adui yake. Kuwa na chumba cha kupendeza si dhambi wala si uzungu. Salme aliona nakshi katika vitanda vya kwao, na mama yangu mwenyewe alikifuta kitanda chake cha chuma kila Ijumaa kwa majivu na ndimu mpaka kikang'aa.

Lakini nami nilikuwa na kweli yangu. Kwanza, kunguni hajali vigae. Husafiri ndani ya masanduku na mikoba, na mji wetu sasa ni mji wa wageni, mabasi, treni na nyumba za kulala wageni. Baada ya mwaka 1945 dunia ilidhani dawa ya DDT imemmaliza. Haikummaliza, akawa sugu, na mwaka 2023 mji wa Paris mzima ulikuwa ukizungumza habari zake. Pili, hii ni Dodoma. Kwa nusu mwaka na zaidi hatuoni mvua, na upepo wa Agosti na Septemba huingiza vumbi hata kwenye sanduku lililofungwa. Mahameli hulinywa vumbi hilo kama mchanga unavyokunywa maji. Tatu, kitanda kilichofunikwa chote huficha mbao zake. Mninga wa misitu ya Tabora hauna haja ya kujificha, kwa hiyo kinachofichwa mara nyingi ni mbao laini ambazo hazijakauka, au ubao wa maranda yaliyogandishwa kwa gundi. Ukame wetu huzikunja mbao mbichi, kitanda kikaanza kulia usiku, na wewe ukamlaumu mwenzako kwamba anageukageuka.

Tukakubaliana kwenda kumwuliza bibi yake. Mama yangu bado yuko hai, namshukuru Mungu, na bado yuko kijijini. Tulienda Jumamosi. "Mbukwa!" akatusalimia kutoka kivulini. Binti yangu akamwonyesha picha ile. Bibi akaishika simu mbali na macho, akaitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya kioo.

"Ni kizuri," akasema. "Nguo yake ni nzuri sana." Kisha akauliza swali moja tu. "Ufagio unapita wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Binti yangu akainamisha uso. Ndani ya nyumba ya bibi, ndugu msikilizaji, kitanda cha chuma cha baba kipo mpaka leo, kimeshika kutu lakini kimesimama. Na kando yake, juu ya sakafu ya udongo, imetandikwa ngozi. Juu ya ngozi hiyo ndipo wanapolala vitukuu viwili vinavyomsaidia bibi kuchota maji.

Binti yangu aliitazama ngozi ile kwa muda. Njiani tulipokuwa tunarudi hakusema neno mpaka tulipoingia mjini. Ndipo akaniambia, "Baba, turudi kwa yule fundi kesho."

Tuliporudi nilikaa pembeni, nikamwacha aseme mwenyewe. Na alivyosema ndivyo ninavyokushauri wewe unayetaka kitanda cha sofa. Ubao wa kichwani, ambao wengi siku hizi hawajui kuwa pale panaitwa mchagoni, uvikwe mahameli ya kijani kama anavyotaka, kwa sababu hapo ndipo jicho linapotua na ndipo mgongo unapoegemea. Lakini vifungo vipungue, maana kila kifungo ni shimo la kufugia kunguni na vumbi. Kitambaa kisipigwe pini moja kwa moja kwenye mbao, kishonwe kama foronya yenye zipu ili kivuliwe na kufuliwa. Mifumbati ibaki mbao tupu, mninga mkavu, uonekane. Chaga ziwe za kutosha na zipishane kwa nafasi ndogo, ili godoro lishikwe na bado lipumue. Matendegu yawe ya urefu wa kupitisha ufagio na mkono unaoushika. Na kabla ya kulipa, kitanda kipinduliwe. Fundi mwaminifu hukasiriki ukimwomba akipindue, na asiyekubali basi wewe umekwisha kujua.

Fundi yule alikubali, tena akacheka. "Dada, umekuja na mwalimu wako," akasema.

Hesabu ilipopigwa, kitanda hicho kilikuwa na gharama ndogo kuliko kile cha kwanza, kwa sababu mahameli na sponji vilikuwa vimepungua sana. Binti yangu akamwambia fundi, "Fedha iliyobaki nitengenezee kingine. Hakihitaji kitambaa. Kiwe cha chaga, cha watoto wawili, matendegu marefu." Salio lililobakia lilinunua saruji. Wiki ijayo, tukijaaliwa, kijana wa kusakafia atakuwa kwa bibi, na mimi nitakuwa kibarua wake wa kuchanganya zege, kama magoti yataniruhusu.

Nimemaliza kwa hayo, lakini nibakishe neno moja kwa wenzangu wa mjini. Dodoma ilitamkwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na ikapandishwa kuwa jiji mwaka 2018. Majumba yanaota kila siku, na ndani yake vyumba vinapambwa, nami sina husuda na mtu. Pambeni. Lakini chumba kizuri kilicho umbali wa saa moja tu kutoka kwenye ngozi ya ng'ombe juu ya udongo kina deni. Wengi wetu tumetoka kwenye ngozi hiyo, na wengine tumewaacha wadogo zetu wamelala juu yake.

Kwa hiyo ukienda kununua kitanda, inama. Tazama mvungu kama upo, na ufagio kama utapita. Na ukiisha kuinama, kabla hujainuka, wakumbuke wale waliobaki kulala chini.

Kwaheri mpaka wiki ijayo.